Kilwa: Nani Alilipia Mawe Haya?

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale mjini Lisbon kuna chombo cha ibada cha dhahabu kilichonakshiwa kwa rangi, na ndani yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Wareno hukiita Custódia de Belém. Kilimalizwa mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na kazi yake hunasibishwa na Gil Vicente. Dhahabu yenyewe ilitoka Kilwa. Vasco da Gama aliitwaa mwaka 1502, alipotia nanga mbele ya kisiwa na kumtaka Amir Ibrahim, mtawala wa wakati ule, achague: aikubali enzi ya Ureno na kulipa kodi ya kila mwaka, au mji upigwe mizinga. Amir akalipa.

Dhahabu nyingine ya Kilwa haikusafiri kwenda popote. Ilikuwa imekwisha kutumika karne mbili kabla, kuwalipa wachonga mawe, wachoma chokaa na mafundi wa kuba. Kazi ya mikono yao ingali imesimama Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, mwendo wa kilomita 300 hivi kusini mwa Dar es Salaam.

Mgeni wa magofu kwa kawaida huuliza jengo lina umri gani na nani alilijenga. Akiwa Kilwa, inafaa aongeze swali la tatu: gharama ilitoka kwenye mali gani? Pwani hii imejengwa kwa dhahabu, kwa pembe za ndovu, kwa watu waliouzwa na kwa kodi ya Mjerumani, na kila mali imeacha majengo ya namna yake. Anayeuliza hivyo hapotei njia, hata kama hakumbuki jina la sultani hata mmoja.

Anza na msikiti

Boti ikiondoka bandari ya Kilwa Masoko, upande wa bara, kisiwa kiko mbele ya macho. Maji ya kuvuka ni kiasi cha kilomita mbili tu. Jengo linalotangulia kuonekana ni Gereza, ngome iliyokaa ukingoni mwa bahari. Wageni wengi huanza nalo kwa kuwa liko karibu na pa kushukia. Heri ulipite kwanza, maana ukianza nalo utaijua Kilwa kupitia kwa waliokuja kuitawala kabla ya kuwajua walioijenga. Fuata njia ya Msikiti Mkuu.

Msikiti huu ni majengo mawili yaliyounganishwa. Upande wa kaskazini, kwenye kibla, kuna ukumbi mdogo ulioanza kujengwa kati ya karne ya 11 na ya 12. Upande wa kusini umetandazwa ukumbi mkubwa zaidi ya huo mara kadhaa, ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Simama kwenye mlango kati ya kumbi hizo mbili, utazame huku na huku. Tofauti ya ukubwa unayoiona ndiyo tofauti ya Kilwa ya wavuvi na wafanyabiashara wa kadiri na Kilwa iliyoishika njia ya dhahabu.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa hapa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Sofala ikawa mikononi mwa Kilwa. Kilichoipa Kilwa nafasi hiyo ni pepo. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikarudi kwa kusi ndani ya msimu. Kikivuka kwenda kusini zaidi, kilikuwa katika hatari ya kukwama mwaka mzima. Basi wenye vyombo wakaishia Kilwa, na watu wa Kilwa wakaenda wenyewe Sofala. Faida ilibaki kwa aliyekaa katikati.

Angalia pia jinsi kazi ilivyofanyika. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Kwa kibla, miimo ya milango na zidaka za ukutani, mafundi walitumia tumbawe laini la baharini, ambalo huchongeka lingali na maji na kuwa gumu likikauka. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu nyumba za kale za pwani zina vyumba virefu vyembamba. Aliyetaka nafasi pana zaidi alilazimika kuweka nguzo na kupandisha kuba, na hiyo ilikuwa gharama ya mwenye mali hasa. Ukumbi wa kusini wa msikiti huu uliporomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba. Hizo nguzo ndizo mgeni anazopitia katikati yake leo.

Hatua chache kutoka hapo kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, ambao umesalimika kuliko majengo mengine ya mji. Inua uso utazame dari: mafundi walipachika humo mabakuli ya kauri yenye rangi ya kijani na buluu yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Bakuli ambalo lingeweza kuuzwa au kupakuliwa pilau liliwekwa juu, mahali ambapo hakuna mkono unaolifikia. Mji uliofanya hivyo ulikuwa na ziada.

Kasri ambalo halikuisha

Mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kuelekea mashariki, kwenye jabali linaloitazama bahari, ndipo ilipo Husuni Kubwa. Lilikuwa jumba la vyumba zaidi ya mia moja. Lina ua wa kushuka wenye ngazi pande zake, ambako watu walikaa kumsikiliza mtawala. Birika la kuogea la pembe nane. Ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vinavyoelekea vilikuwa vya bidhaa. Na ngazi za kuteremkia pwani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, maandishi ya Kiarabu yaliyopatikana hapa yalimtaja Sultan al-Hasan bin Sulaiman.

Huyu ndiye sultani aliyekuwa madarakani mwaka 1331, Ibn Battuta alipofika Kilwa kutoka Mombasa. Msafiri huyo wa Tanja aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, akawasifu watu wake kwa dini. Sultani, anasema, alijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mtoto wa sultani akazichukua tena nguo zile kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Baba aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kwa ajili ya ukarimu wake. Kisome tena kwa swali letu. Zawadi ilikuwa watu na pembe, na Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba zawadi nyingi za huko zilikuwa pembe, dhahabu ilitolewa kwa nadra. Anataja pia kwamba sultani huyu alizoea kuvamia nchi za bara na kurudi na ngawira. Kwa hiyo hata katika siku zake za fahari kubwa, Kilwa ilikuwa na mikono miwili: mmoja ulipokea dhahabu kutoka kusini, mwingine ulikwenda bara kuchukua watu. Ukisimama kwenye birika la pembe nane, kumbuka yote mawili.

Husuni Kubwa haikumalizwa, na haikukaliwa kwa muda mrefu. Jirani yake, ng'ambo ya korongo dogo, kuna Husuni Ndogo, ukuta wa mstatili wenye minara, ambao wataalamu bado wanabishana ulikuwa wa kazi gani. Msomaji anayependa kukisia ataburudika hapo.

Jina la al-Hasan bin Sulaiman lilisafiri mbali kuliko jumba lake. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zikapatana vina. Sarafu yake moja imepatikana Great Zimbabwe, karibu na chimbuko la dhahabu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wasomi wanavutana kuhusu namna zilivyofika huko.

Gereza na Makutani

Sasa rudi Gereza. Julai 1505, Mreno Francisco de Almeida aliingia Kilwa na kundi la merikebu, akauteka mji, askari wake wakaupora, kisha wakajenga ngome waliyoiita Santiago. Walikaa hadi 1512 wakaondoka. Biashara waliyotaka kuikamata ilikuwa imeponyoka mikononi mwao: walioinunua na kuiuza dhahabu kwa karne kadhaa walihamishia njia zao kwingine, na ngome ikabaki ikilinda bandari iliyopungukiwa na vyombo. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la mwaka 1800 hivi, lililosimamishwa juu ya masalia ya Kireno. Lango lake la mbao lililochongwa linafaa kutazamwa bila haraka.

Nyuma kidogo kuna Makutani, kasri la karne ya 18 lenye boma la kuta nene. Jengo hili ni kubwa, nalo lilisimama wakati dhahabu ya Sofala ilikuwa imeacha zamani kuwa mali ya Kilwa. Ndipo swali letu linapouma. Tarehe 14 Septemba 1776, sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice. Kilwa ingempa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mtu. Watu hao walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Mji ulikuwa umefufuka, na mtaji wa ufufuko huo ulitembea kwa miguu, umefungwa, kutoka bara.

Kilwa haikubaki huru kwa muda mrefu baada ya hapo. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliuondoa usultani wa kisiwa, na sultani wa mwisho akahamishiwa Muscat.

Songo Mnara, mji wa wenye nafasi

Mwenye siku ya ziada akodi boti yenye mashine hadi Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini. Mji wake ulijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa kuwa watu waliokuja baadaye hawakujenga juu yake, ramani ya mji imebaki wazi: misikiti mitano, kasri, na makumi ya nyumba za mawe ndani ya ukuta. Ingia nyumba moja baada ya nyingine. Utaona baraza za mawe za kukalia wageni, ua, vyumba vya ndani vilivyojificha zaidi kadiri unavyoendelea, na zidaka ukutani.

Uchimbaji ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher kuanzia mwaka 2009 umeonyesha kwamba kati ya nyumba hizo kulikuwa na uwanja wa makaburi, na kwamba walio hai waliendelea kuwazuru wafu wao, wakiacha juu ya makaburi sarafu na vijiwe vyeupe. Chini ya sakafu ya nyumba mojawapo walikuta akiba ya sarafu za Kilwa zaidi ya mia tatu. Aliyezifukia hakurudi kuzichukua.

Kivinje, mahali pa hesabu kamili

Watalii wengi hugeuza gari wakimaliza visiwa. Wanaacha nyuma mji ambao bila huo habari ya Kilwa imekatwa katikati. Kilwa Kivinje iko bara, kaskazini mwa Masoko. Kisiwa kilipopoteza nguvu, biashara ilihamia hapa, kwenye mwisho wa njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa.

Kwa Kivinje tuna tarakimu. Hesabu za forodha zilizofikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1862 na 1867 watumwa 97,203 walisafirishwa kutoka Kilwa: 76,703 kwenda Zanzibar na 20,500 kwenda kwingine. Hao ni waliopita forodhani na kulipiwa ushuru. Mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini ulitiwa saini na Sultan Barghash wa Zanzibar mwaka 1873. Nyumba za Kivinje zenye roshani na milango ya nakshi zilitokana na uchumi huo, na pamoja nazo maisha ya mjini, misikiti, vyuo, mashairi na mavazi ambayo watu wa mji waliyaonea fahari.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuuchukua mji, watu wa Kivinje pamoja na Wayao kutoka bara walikataa, na mawakala wawili wa kampuni hiyo wakauawa. Wajerumani walirudi mwaka 1890 wakiwa na jeshi la Hermann von Wissmann. Boma lao lingali linatazama bahari, na kuta zake zilisimama kwa kazi na kodi ya wenyeji. Hassan bin Omari Makunganya, aliyeendelea kupambana nao, alikamatwa na kunyongwa Novemba 1895, Wissmann akiwa gavana. Mahali aliponyongwa huitwa Mwembe Kinyonga, na pana mnara wa kumbukumbu. Magharibi ya Kivinje, katika vilima vya Matumbi, ndiko Julai 1905 watu walikong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na kuanzisha Vita vya Maji Maji.

Lindi, bandari ya mifupa

Ukiteremka hadi Lindi mjini usitarajie magofu ya fahari. Kimbunga cha Aprili 1952 kilibomoa sehemu kubwa ya mji wa kale. Kilichobaki ni mitaa ya maduka ya kale, mabaki ya majengo ya Kiarabu na ya Kijerumani, na ghuba nzuri. Lakini hapa pia kuna mali iliyoondoka. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi walibeba kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi mifupa ya dinosaria yenye uzito wa takriban tani 250, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kiongozi wa vibarua wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake ulikiriwa na wanasayansi waliomwajiri. Dinosaria mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na mjadala wa nani anufaike naye haujaisha.

Na leo, nani analipa?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanakula ukingo, kuta zinapasuka na miti inaota ndani ya majengo. Kwa msaada wa Ufaransa, Japani na Marekani, miongoni mwa wengine, Gereza na Makutani viliimarishwa, wanavijiji wakafundishwa kutengeneza chokaa kwa njia za kale, mikoko ikapandwa kuzuia bahari. Mwaka 2014 jina likaondolewa katika orodha ya hatari. Huo ni ushindi wa kweli, na waliofanya kazi ya suluba ni mafundi wa Kisiwani wenyewe.

Kivinje haimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake zinaporomoka moja moja, kila masika ikiondoka na ukuta au roshani, na nyingi ni mali ya familia ambazo hazina uwezo wa kuzikarabati. Matokeo yake ni kwamba, ukiacha Gereza na Makutani, tunahifadhi vizuri majengo yaliyojengwa kwa dhahabu na kuyaacha yaanguke yale yaliyojengwa kwa biashara ya watu na utawala wa kigeni. Mtoto wa shule atakayeletwa hapa miaka ishirini ijayo atafundishwa juu ya kuba na mabakuli ya kauri, na hatakuwa na mlango wa Kivinje wa kumwonyesha waliolipa kwa miili yao. Serikali, halmashauri na wafadhili waliookoa Kisiwani wana uzoefu, mafundi na chokaa ya kuanzia kazi hiyo.

Ukitaka kwenda

Kutoka Dar es Salaam shika barabara ya Lindi, uvuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ukunje kushoto Nangurukuru kuelekea Masoko. Epuka masika, Machi hadi Mei: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga. Kibali cha kuvuka na mwongozaji hupatikana Kilwa Masoko. Panga safari ya boti kwa kuuliza maji kujaa na kupwa, hasa kwa Songo Mnara, ambako maji yakitoka utatembea ndani ya tope la mikoko. Chukua kofia, maji ya kunywa na viatu visivyoogopa bahari. Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi: vaa nguo za heshima, toa salamu, na usipige picha ya mtu bila idhini yake.

Mwenye siku moja tu aigawe: asubuhi Kisiwani, alasiri Kivinje. Husuni Ndogo anaweza kuikosa bila hasara kubwa. Mwembe Kinyonga asiukose.